Flashi ya wasanii waliotutoka wakiwa vijana: nimeinunua, nimeimaliza yote, maoni yangu haya hapa

Wadau habari zenu. Pale Manzese kuna kibanda cha vijana wanaojaza nyimbo na muvi kwenye flashi na memori kadi, jina lake silitaji maana biashara yenyewe mnaijua ilivyo na sitaki kumletea mtu matatizo, ila kuna flashi moja wanauza ambayo watu wengi wananiulizia tangu niseme ninayo. Ni ya GB 32, inakuja imeshajazwa, juu wamebandika kipande cha selotepu kimeandikwa MAREHEMU kwa maka peni nyekundu. Ndani ni kazi za wasanii waliofariki wakiwa bado vijana, karibu wote wa Bongo na mmoja wa Kenya. Bei shilingi 25,000 pamoja na flashi yenyewe, ukienda na ya kwako wanakujazia kwa 10,000. Nimeipitia folda kwa folda, na kwa kifupi nashauri mnunue, ila kuna folda moja humo ndani kataeni kabisa msiwekewe, nitaieleza huko chini.

Kwanza niseme kwa nini niliitaka. Nakaa na mtoto wa dada yangu, kazaliwa 2011, na nadhani wenzake wengi wako hivyo hivyo, ukimtajia Kanumba, yule mwigizaji, anakuuliza "mama mdogo, si yule wa ile kesi?" Yani ile kesi ya kifo chake. Basi, imeishia hapo. Muvi hata moja haijui. Ngwair, yule rapa, anachojua ni kwamba alifia Sauzi tu, alichoimba hajui. Langa, rapa mwingine, ndo kabisa hajawahi hata kumsikia. Hiki kitu kinaniuma sana, yani mtu anahangaika na sanaa tangu yuko mdogo, anakesha studio, anafanya kazi nchi nzima inaiimba, afu kinachobaki midomoni mwa watu ni namna alivyokufa tu. Nikasema hapana, huyu mtoto lazima aone kazi zao. Kwenye intaneti zipo ndio, lakini bando linakata, na ukitafuta jina la marehemu yeyote vinavyokuja juu ni picha za jeneza na vichwa vya habari vya siri nzito ya kifo cha fulani, kazi yenyewe unaisaka huko chini mpaka unachoka.

Tuanze na Kanumba, folda yake ndo kubwa kuliko zote. Imepangwa kwa mwaka na hapo dogo wa pale nampa hongera zake, maana mtaani ukikuta muvi za Bongo zimechanganywa hovyo hovyo tu. Unaanza na vipande vya michezo ya kundi la Kaole enzi zile za ITV, Kanumba bado dogo kabisa, afu unaingia kwenye Dar 2 Lagos ya 2006 aliyocheza na Mercy Johnson wa Nigeria, unapanda nayo hivyo hivyo mpaka Devil Kingdom ya 2011 aliyocheza na Ramsey Nouah. Ukiangalia kwa mpangilio huo unamwona mtu anavyokomaa. Mwanzoni anaigiza kwa sauti, kila kitu anakisema, akikasirika anapiga kelele. Huku mwishoni kashajua kunyamaza, anaweza kumwangalia mtu tu bila neno na wewe uliyekaa kwenye kochi lako ushajua huyu kaumia. Kitu kama hicho hukijui kwa kuangalia muvi moja iliyowekwa kwenye tivii siku ya kumbukumbu yake, unakijua ukizipanga.

Na roho alikuwa nayo. Mwaka 2009 alialikwa kwenye jumba la Big Brother Africa, watu wakamcheka Kiingereza chake mpaka ikawa kichekesho cha mtaa mzima, yeye akarudi akaendelea kupiga kazi na kutafuta kolabo za nje kama hakuna kilichotokea. Alifariki usiku wa Ijumaa Kuu kuamkia Jumamosi tarehe 7 Aprili 2012, nyumbani kwake Sinza, ana miaka 28. Miaka 28 jamani! Kila nikiitazama This Is It, ile aliyocheza na wale watoto Patrick na Jennifer, nafikiria huyu mtu leo angekuwa kapita 40, angekuwa ameshaongoza muvi ngapi, angekuwa ameibua watoto wangapi wenye vipaji. Mtoto wa dada yangu hiyo aliimaliza akairudisha mwanzo hapo hapo, hakuniuliza habari ya kesi tena, kaanza kuniuliza ile sehemu ya kulia walifanyaje mpaka machozi yakatoka kweli. Kwangu mimi hela yangu ilikuwa imesharudi hapo.

Sasa ubora, na hapa lazima niseme kweli. Muvi nyingi zimetolewa kwenye zile VCD za zamani, mnakumbuka zilivyokuwa zinauzwa Part 1 na Part 2 kila moja na kava lake. Kwenye tivii ya inchi 32 picha ina ukungu, watu waliosimama nyuma sura zao huzioni, kwenye simu ndo kidogo inapendeza. Mbili zina chenga mwanzo mwisho. Moja inaganda katikati, sauti inaendelea huku picha imesimama, afu picha inaruka kuikimbiza sauti. Na kuna moja faili lake la Part 2 ukilifungua unakuta ni Part 1 ile ile, kwa hiyo stori inaishia njiani. Nilipomrudishia alinibadilishia bila ubishi na bila hela ya ziada, huduma yao kwa hilo ni nzuri sana, ila kama unatoka mbali kagua pale pale kabla hujalipa, kaunta wana tivii ndogo na wanakuruhusu kuchomeka.

Lawama zote lakini simtwishi yeye. Alinionyesha boksi la viatu limejaa CD orijino, nyingine kava limeliwa na mende, nyingine zina mikwaruzo mpaka deki inazitema, na anasema anazifuta kwa kitambaa laini na maji kidogo afu anajaribu deki moja baada ya nyingine mpaka apate inayoisoma. Kijana wa watu anafanya kazi ya kuhifadhi bila mtu kumwagiza. Mimi sijaona duka leo hii Dar ambalo naweza kuingia nikasema nipe muvi zote za Kanumba, safi, kwa mpangilio, nikatoa hela nikaondoka nazo. Kama lipo naombeni mnielekeze nitaenda kesho.

Folda ya Ngwair sasa. Hii peke yake ningelipia hata hiyo 25,000. Albert Mangweha, mwana Dodoma, wa kundi la Chamber Squad. Albamu yake ya a.k.a. Mimi ya 2004, ya Bongo Records kwa prodyuza P-Funk Majani, ipo, na hizo nyimbo zimetoka kwenye CD yenyewe maana ukiweka kwenye sabufa besi linapiga vizuri na sauti yake iko mbele haijamezwa na mdundo. Ngwair alikuwa anaghani kama mtu anayekupigia stori kibarazani, halazimishi vina, havai sauti isiyo yake, anakuelezea geto lake mpaka unakiona chumba, na ukija kustuka ameshamaliza beti na wewe bado unacheka na mstari wa pili. Mikasi aliyowaita Ferooz na Mchizi Mox, kila mmoja kaja na staili yake na hakuna aliyemfunika mwenzake, leo ukiipiga kwenye sherehe watu wa umri wangu wote wanasimama.

Afu kuna vipande vya fristaili alizopiga redioni. Hivi ndo vitu adimu kuliko vyote kwenye flashi nzima. Vimerekodiwa na kaseti nyumbani kwa mtu, kuna mkwaruzo, kuna mahali unasikia mlango unafungwa, lakini unamsikia mtangazaji anacheka pembeni na Ngwair anatiririka tu, anapewa neno analiingiza, anapewa lingine analiingiza, hapumui. Wasanii wa sasa hivi nawapenda na nawasikiliza, ila kile kitu sijakisikia tena kwa kiwango kile. Alikuwa na kipawa kilichopitiliza, na nashukuru huyo mtu asiyejulikana aliyebonyeza rekodi siku hiyo.

Kero ya folda hii ni jingo. Nyimbo kadhaa ambazo hazimo kwenye albamu zimekatwa kutoka kwenye miksi za madijei, kwa hiyo uko kwenye raha zako kiitikio kinataka kuanza, linaingia dume linapiga kelele linataja jina lake na namba ya simu ya kumkodi kwa ajili ya harusi. Juu ya sauti ya Ngwair! Nimemwambia mwenye kibanda bora aondoe kabisa hizo aache chache zilizo safi. Kosa lingine, nyimbo za Mez B kazitupia humo humo kwa sababu walikuwa kundi moja. Mez B naye alifariki, Februari 2015, na alikuwa na sauti yake na mashabiki wake, anastahili folda yenye jina lake.

Ngwair alifariki tarehe 28 Mei 2013 kule Johannesburg, miaka 30, akazikwa Kihonda Morogoro tarehe 6 Juni. Hatujakaa vizuri, tarehe 13 Juni Langa naye akafariki Muhimbili. Mimi ule mwezi nilikuwa siwashi redio. Ukizipanga tarehe za vifo vya walio kwenye hii flashi unaona kitu cha kutisha, yani kuanzia Kanumba Aprili 2012, mchekeshaji Sharo Milionea Novemba 2012, mwigizaji Sajuki Januari 2013, Ngwair Mei, Langa Juni, ni miezi 14 na siku chache tu, wote hao. Tulikuwa tunazika tu.

Langa folda yake ni ndogo na hapo nimeumia. Zipo za Wakilisha, lile kundi lake na Witness na Shaa lililotoka kwenye Coca-Cola Popstars 2004, na zipo chache alizofanya peke yake. Langa alikuwa na kichwa, mistari yake unahitaji kuirudia ndo uielewe. Na alifanya jambo ambalo wachache wana ujasiri nalo, alitoka hadharani akasema unga ulimfanya nini, akawa anaongea na vijana wenzake waachane nao. Yale mahojiano yake ndo ningetaka yawemo humu kuliko kitu kingine chochote, hayamo. Nimemwomba dogo ayatafute, kaahidi, tutaona.

Sharo Milionea vichekesho vyake vimejaa na watoto nyumbani walikaa chini wakacheka na ile mikogo yake, ile kutembea, ile kuongea kisharobaro. Sajuki zipo muvi nne, nzuri mbili. Sitaki kumsema sana kwa sababu zile za mwisho ukiziangalia unaona mtu anaumwa na bado anafanya kazi, aliugua muda mrefu mpaka India akapelekwa, inatia uchungu.

Wa Kenya ni E-Sir na jamani folda yake ndo safi kuliko zote, hakuna jingo, hakuna mkwaruzo, majina ya nyimbo yameandikwa sawasawa. Issah Mmari, kijana wa South C Nairobi, alikuwa chini ya lebo ya Ogopa Deejays. Wabongo wengi wa rika langu tulimpenda kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa kinaeleweka moja kwa moja huku kwetu, ametulia, anatania, anajisifu kwa adabu. Alifariki 16 Machi 2003 kwa ajali ya gari wakitoka Nakuru kurudi Nairobi, alikuwa na msanii mwenzake Nameless ambaye alinusurika. Hata miaka 22 hakuifikisha. Ukisikiliza albamu yake ya Nimefika ukijua kwamba ni ya mtu wa miaka 21 unashindwa kuelewa alijifunzia wapi kupanga maneno vile.

Wasiokuwemo ambao walitakiwa wawemo: Faza Nelly wa X Plastaz ya Arusha, aliyeuawa 2006, wale waliochanganya rap na nyimbo za Kimasai mpaka Ulaya wakawajua. Hayumo hata wimbo mmoja, na huyo si wa kusahau. Rapa Complex pia, aliyefariki kwa ajali ya gari 2005, hayumo. Mwenye kibanda anasema hana kopi nzuri, kwa hiyo mwenye CD au kaseti yao ndani ampelekee, yeye ananakili tu na kukurudishia mali yako, hakutozi.

Sasa hiyo folda niliyosema. Imeandikwa MATUKIO. Nilidhani ni matamasha, nikaifungua nikiwa peke yangu, nashukuru Mungu mtoto hakuwepo. Ni picha na video za misiba na ajali. Video ya kumuaga Kanumba pale viwanja vya Leaders sina ugomvi nayo, ule umati, watu wanazimia, msafara kwenda makaburi ya Kinondoni, ile ni historia ya nchi na inaonyesha watu walivyompenda. Lakini zilizobaki ni picha za magari yaliyopondeka, ni miili, ni watu wamelala hospitalini hawajitambui na kuna mtu alisimama pale na simu anapiga. Niliizima. Nikairudisha flashi pale kibandani siku hiyo hiyo na hasira zangu.

Nikamuuliza yule dogo wa kibandani, hizi za nini? Akaniambia "dada, hizi ndo watu wanaulizia kwanza, wengine wananunua flashi kwa ajili ya hizi." Na simlaumu kwa kusema ukweli. Ila nikamkumbusha Sharo, aliyepata ajali usiku kule Muheza akiwa anaelekea kwao Tanga, watu waliofika pale wakamwibia vitu vyake badala ya kumsitiri. Nchi nzima tuliwalaani wale watu. Sasa anayemuuzia mtu picha ya maiti ya yule yule kijana kwa hela, na anayenunua, wana tofauti gani na waliomsachi mifukoni? Hao marehemu wana mama zao, wana watoto wao waliokua sasa hivi na wanashika simu. Wewe ungependa mwanao amfahamu baba yake kwa picha ile? Alikaa kimya, akasema ataanza kutoa kopi mbili, moja yenye MATUKIO na moja bila. Mi nilitaka aifute moja kwa moja, na bado nitaendelea kumsumbua.

La mwisho ni hela. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inasema haki ya mtunzi inaendelea miaka 50 baada ya kufariki, maana yake nyimbo alizotunga Ngwair ni mali ya warithi wake mpaka 2063. Katika ile 25,000 yangu familia haikupata hata mia, najua, na hilo halinipi raha. Nilimuuliza dogo kama familia ikija na utaratibu atalipa, akasema hata kesho, anachotaka ni mtu mmoja wa kuongea naye na bei inayolipika kwa biashara ya kibanda. Mimi namuamini. Wenye uwezo COSOTA wanaosimamia hakimiliki na kwenye vyama vya wasanii hebu likalieni kikao hili, mtu kama huyu mwenye boksi la orijino na anayejua kupanga kazi kwa mwaka ni wa kusajiliwa afanye kazi kihalali, kila flashi ikatwe kitu kiende kwa mama au mtoto wa marehemu, wateja tupo na tutaongeza hata 5,000 juu.

Nyota zangu: mpangilio 5, nyimbo 4, muvi 2 na nusu kwa sababu ya picha, huduma 5, folda ya MATUKIO sifuri. Wapo kuanzia saa 3 asubuhi mpaka saa 2 usiku, Jumapili wanafungua mchana, foleni inakuwa kubwa jioni watu wakitoka kazini kwa hiyo nendeni mapema mpate nafasi ya kukagua. Ukifika mwambie unataka isiyo na MATUKIO, mwambie kwa sauti na waliokuzunguka wasikie, na umuulize kama mahojiano ya Langa ameshayapata.